Tolkien: Profesa aliyejengwa na kucheleweshwa na wasomaji wake

IWAPO utaketi miongoni mwa mashabiki wa riwaya za kifantasia, hautapita muda mrefu kabla ya mjadala kupamba moto. Je, Balrog, lile zimwi la moto na kivuli, lina mabawa au halina? Mbona wale tai wakubwa hawakuibeba pete tangu mwanzo na kuitupa mlimani, safari ikaisha kwa siku moja? Na huyo Tom Bombadil, mzee wa msituni anayeimba ovyo, ni nani hasa?

Aliyeanzisha mijadala hii, Profesa John Ronald Reuel Tolkien, aliaga dunia mnamo Septemba 2, 1973, katika mji wa Bournemouth nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 81. Wapo wanaomdhania kuwa mtu aliyejifungia chumbani akabuni ulimwengu mzima peke yake. Maisha yake yanasimulia jambo tofauti. Karibu kila alichokikamilisha alikikamilisha kwa sababu palikuwa na mtu wa kumsikiliza, kumhoji na kumkera. Na kitabu alichokithamini kuliko vyote hakikukamilika, kwa kiasi fulani kwa sababu ya wasikilizaji hao hao.

Wachache hukumbuka kwamba alizaliwa Afrika. Alizaliwa Januari 3, 1892, mjini Bloemfontein, uliokuwa mji mkuu wa jamhuri ya Makaburu ya Orange Free State, ambako babake, Arthur, alikuwa meneja wa benki. Inasimuliwa kwamba mtumishi wa nyumbani aliyeitwa Isaak alimchukua mtoto huyo siku moja hadi kijijini kwao, akawaonyesha jamaa zake, na kumrudisha asubuhi iliyofuata baada ya wazazi kuhangaika usiku kucha. Isaak hakufutwa kazi. Baadaye alipopata mtoto wake mwenyewe, alimpa jina la Tolkien.

Mnamo Aprili 1895 mamake, Mabel, aliwapeleka Uingereza Ronald na nduguye mdogo, Hilary, kwa kuwa joto la Bloemfontein lilikuwa likimdhoofisha mtoto huyo mkubwa. Baba angewafuata. Hakufuata kamwe, kwani aliugua homa na kufariki Februari 1896.

Mama aliyeachwa mjane alikuwa mwalimu wa kwanza wa wanawe. Alimfundisha Ronald Kilatini na majina ya mimea, naye mtoto akayapenda maneno kwa sauti yake kabla ya maana yake. Mwaka wa 1900 Mabel alijiunga na Kanisa Katoliki, na jamaa zake wakakata misaada waliyokuwa wakimpa. Miaka minne baadaye, Novemba 1904, ugonjwa wa kisukari ulimuua akiwa na umri wa miaka 34. Insulini ilikuwa bado haijagunduliwa. Ronald, yatima wa miaka 12, aliachwa chini ya ulezi wa kasisi, Padri Francis Morgan.

Kasisi huyo ndiye aliyemkataza kijana Tolkien, akiwa na miaka 18, kuonana wala kuandikiana na msichana aliyempenda, Edith Bratt, hadi atimize miaka 21. Tolkien alitii. Usiku wa kutimiza umri huo alichukua kalamu akamwandikia Edith barua, naye akajibu kwamba alikuwa amekwisha kuchumbiwa na mwingine. Tolkien alipanda treni akamfuata. Uchumba ule ulivunjwa, na wawili hao wakafunga ndoa Machi 1916, wiki chache kabla ya bwana harusi kupelekwa vitani.

Lakini turudi nyuma kidogo, kwa maana chimbuko la mambo yote liko katika maktaba ya shule ya King Edward's mjini Birmingham. Huko, mwaka wa 1911, wanafunzi wachache walianza kuchemsha chai kwa siri miongoni mwa rafu za vitabu. Walijiita T.C.B.S., herufi zilizotokana na chai yenyewe na duka la Barrow walikopenda kukutania. Tolkien aliwasomea mashairi ya Kiingereza cha kale na kuwasimulia visa vya miungu ya watu wa kaskazini. Wengine walileta michoro, muziki na mashairi yao. Walibishana, wakachekana, wakasahihishana. Kama wangeishi katika enzi zetu, bila shaka tungewaita mashabiki sugu.

Nguzo za kundi hilo zilikuwa nne: Tolkien, Christopher Wiseman, Robert Gilson na Geoffrey Bache Smith. Vita Vikuu vya Kwanza viliwachukua wote wanne. Gilson aliuawa Julai 1, 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme nchini Ufaransa. Mapema mwaka huo Smith, akijiandaa kwa doria ya hatari usiku, alimwandikia Tolkien kwamba hata yeye akifa, atabaki mmoja wao wa kuyasema yale waliyoyaota pamoja. Desemba 3 mwaka huo huo Smith alifariki kutokana na majeraha ya kombora.

Tolkien, afisa wa mawasiliano katika kikosi cha Lancashire Fusiliers, aliokolewa na chawa. Homa ya mahandaki, inayoenezwa na wadudu hao, ilimrudisha Uingereza Novemba 1916. Akiwa katika hali ya kuugua na kupata nafuu ndipo alipoanza kuandika kisa cha mji wa siri wa Gondolin unaoshambuliwa na majoka na mazimwi ya moto. Hicho ndicho kilikuwa chanzo cha mkusanyiko wa visasili ambao baadaye aliuita The Silmarillion. Ni vigumu kuusoma bila kuwakumbuka wale vijana wa chai.

Kikazi, Tolkien alikuwa mtaalamu wa lugha. Baada ya vita alifanya kazi katika kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, akichimbua asili ya maneno yanayoanza kwa herufi W. Alifundisha katika chuo kikuu cha Leeds, kisha akateuliwa profesa wa Kiingereza cha kale mjini Oxford mwaka wa 1925, akiwa na miaka 33. Alidumu huko hadi alipostaafu mwaka wa 1959. Kando na hayo aliunda lugha zake mwenyewe, zenye sarufi na historia. Quenya aliikopesha ladha ya Kifini, na Sindarin akaipa ladha ya lugha ya Wales. Wahusika wake walizaliwa, kwa kiasi kikubwa, ili lugha hizo zipate wasemaji.

Oxford ndiko alikokutana na C.S. Lewis, mhadhiri mwenzake, katika mwaka wa 1926. Walianza kusoma pamoja masimulizi ya Iceland katika lugha yake ya asili. Kisha, mwishoni mwa 1929, Tolkien alithubutu kumpa rafikiye utenzi mrefu aliokuwa ameutunga kuhusu mapenzi ya mwanadamu Beren na Lúthien, binti wa Waelvu, viumbe wasiozeeka. Lewis aliusoma kwa furaha, akauandikia uhakiki wa mzaha kana kwamba ni hati ya kale, akabuni maprofesa wa uongo wanaogombana kuhusu kila ubeti. Ndani ya mzaha huo mlikuwa na ukosoaji wa kweli, na Tolkien alirekebisha sehemu nyingi.

Kutokana na urafiki huo lilikua kundi lililojulikana kama Inklings. Alhamisi usiku walikutana katika vyumba vya Lewis chuoni Magdalen, wakavuta viko na kusomeana miswada. Jumanne asubuhi walikutana katika baa ya Eagle and Child. Hapakuwa na upole katika vikao hivyo. Hugo Dyson, mmoja wao, alichoshwa mno na hadithi za Waelvu hivi kwamba kikao kilichomhusisha kililazimika kuiweka kando The Lord of the Rings.

Nyumbani pia palikuwa na wahakiki. Tolkien alipokuwa akiwasimulia wanawe kisa kilichokuja kuwa The Hobbit, Christopher, wa tatu kati ya wanne na wakati huo mtoto mdogo, alilalamika kwamba mlango wa Bilbo ulikuwa wa buluu juzi na leo ni wa kijani, na kwamba kishada cha kofia ya Thorin kimegeuka kutoka dhahabu kuwa fedha. Baba alinung'unika, kisha akainuka kwenda kuandika marekebisho.

Kitabu hicho kilipofika kwa mchapishaji Stanley Unwin, aliyeamua hatima yake ni mtoto wa miaka 10. Mzee Unwin aliamini kwamba watoto ndio waamuzi bora wa vitabu vya watoto, hivyo akampa mwanawe Rayner mswada huo na shilingi moja kwa kazi ya kuandika ripoti. Mtoto aliusifu. The Hobbit ilitoka Septemba 21, 1937, na nakala 1,500 za kwanza zikaisha kabla ya mwaka kumalizika.

Wasomaji walitaka zaidi. Tolkien alimpelekea mchapishaji sehemu za The Silmarillion, lakini hazikukubaliwa. Kilichohitajika ni hobiti, wale watu wafupi wenye miguu ya manyoya wapendao chakula na bustani. Desemba 1937 akaanza kisa kipya. Kilimchukua takriban miaka 12.

Alikwama mara nyingi. Kila alipokwama, Lewis alimsukuma. Mnamo 1944, wakati Christopher alipokuwa Afrika Kusini akifunzwa urubani na jeshi la anga la Uingereza, babake alikuwa akimtumia sura moja baada ya nyingine kwa posta. Tolkien mwenyewe alikiri baadaye kwamba bila kichocheo cha Lewis asingefika mwisho. Ni deni kubwa, hasa ikikumbukwa kwamba yeye hakuzipenda sana hadithi za Narnia za rafikiye huyo.

Mswada ulipokamilika, Tolkien alitaka utoke sanjari na The Silmarillion, na kwa ajili hiyo akajaribu kuuhamishia kwa mchapishaji mwingine. Mpango ulivunjika. Aliporudi mnyonge mwaka wa 1952, aliyempokea ni yule mtoto wa shilingi moja, Rayner Unwin, sasa mtu mzima katika kampuni ya babake. Waliafikiana kwamba mwandishi hatapata chochote hadi gharama zirudi, na baada ya hapo watagawana faida nusu kwa nusu. Bei ya karatasi ilikuwa juu, kwa hivyo kitabu kimoja kikagawanywa kuwa vitatu. Viwili vilitoka mwaka wa 1954 na cha tatu Oktoba 1955.

Hapa sisi tunaohariri maandishi ya wengine tunapaswa kutulia kidogo. Wapiga chapa, kwa nia njema, walisahihisha tahajia za Tolkien kila mahali, wakidhani profesa huyo hajui wingi wa maneno ya lugha yake. Tolkien, aliyewahi kuitumikia kamusi yenyewe, alighadhabika na kudai kila neno lirudishwe. Alikuwa na haki. Tahajia zake ndizo zinazotumiwa leo na karibu kila mwandishi wa fantasia kwa Kiingereza.

Wahakiki waligawanyika pande mbili. Mshairi W.H. Auden alimsifu, Mmarekani Edmund Wilson, mwaka wa 1956, aliidharau kazi hiyo kama hadithi ya watoto iliyovimba kupita kiasi. Wasomaji hawakungoja hukumu. Hundi ya kwanza ya faida, mapema mwaka huo huo wa 1956, ilizidi pauni 3,500, kiasi kilichopita mshahara wake wa mwaka mzima.

Kisha ukaja mwaka wa 1965. Kampuni ya Marekani iitwayo Ace Books ilitoa toleo la jalada jepesi kwa senti 75 bila idhini ya mwandishi na bila kumlipa chochote. Ilidai kwamba kanuni za Marekani kuhusu vitabu vilivyochapwa ng'ambo zilikuwa zimekiacha kitabu hicho bila hakimiliki. Kisheria jambo hilo lilikuwa na utata. Toleo halali la kampuni ya Ballantine lilipotoka, lilikuwa la senti 95, na katika jalada la The Hobbit palichorwa simba na ndege kama mbuni, wanyama wasiokuwamo kabisa katika kisa hicho.

Tolkien hakwenda mahakamani. Alikuwa na silaha nyingine. Kwa miaka kumi alikuwa akiwajibu wasomaji wa Marekani waliomwandikia, na sasa katika kila jibu aliongeza maelezo kuhusu toleo lile lisilomlipa. Wasomaji wakapashana habari na kuwashinikiza wenye maduka. Vilabu vya mashabiki, vilivyokuwa vikianzishwa wakati huo katika vyuo vikuu, vikaingilia kati. Hatimaye Ace ilikubali kulipa, ikampa zaidi ya dola 9,000, na kuahidi kutochapisha tena. Kelele za mgogoro huo zilikipa kitabu umaarufu ambao hakuna tangazo lingeuleta. Vijana wa vyuoni walianza kuvaa beji zilizotangaza kwamba Frodo yu hai.

Umaarufu huo ulikuwa na gharama. Mashabiki wa Marekani walimpigia simu usiku wa manane, wakisahau kwamba saa za Oxford si saa za California. Barua zilimiminika. Na Tolkien, tofauti na waandishi wengi, hakuwajibu kwa mkato. Shabiki alipouliza kuhusu sarufi ya lugha ya Waelvu, alipata mhadhara. Kuhusu Tom Bombadil alijibu kwamba amemwacha kuwa fumbo makusudi, jibu ambalo halijamnyamazisha yeyote hadi leo.

Maswali mengine yalimchoma zaidi. Mwaka wa 1954 meneja wa duka la vitabu vya Kikatoliki mjini Oxford alimuuliza iwapo hakuvuka mipaka ya imani kwa kudai kwamba Waelvu waliouawa hurudi duniani kwa kuzaliwa upya. Tolkien aliandika jibu refu, kisha hakulituma, kwani alijiona anajipa umuhimu kupita kiasi. Lakini swali halikumtoka. Alilirudia miaka mingi baadaye, akabadilisha msimamo. Orki nao, wale askari wa giza: ikiwa wana akili na usemi, je, wote ni waovu bila tumaini? Hakulipata jibu lililomridhisha.

Swali hilo la orki lina uzito wake kwa msomaji Mwafrika. Mashabiki wamebishana kwa miongo mingi kuhusu watu weusi wa kusini wanaopigana upande wa adui katika riwaya hiyo. Katika barua ya mwaka wa 1958 Tolkien aliwaelezea orki kwa sura inayowadhalilisha watu wa Asia, na hakuna haja ya kulificha hilo. Aidha ni kweli kwamba mwaka wa 1938, mchapishaji wa Ujerumani alipotaka kujua kama yeye ni wa damu ya Kiarya, alikasirika na kuandika majibu makali, na kwamba katika hotuba yake ya kuagana na Oxford mwaka wa 1959 alitamka waziwazi chuki yake dhidi ya ubaguzi wa rangi wa nchi aliyozaliwa. Kwa maoni yangu, anayeutaja upande mmoja na kuunyamazia mwingine hamtendei Tolkien haki, wala hawatendei wasomaji wake.

Miaka ikasonga, na The Silmarillion ikabaki karatasi zilizotawanyika. Kila alipoikaribia, swali jipya lilimrudisha nyuma. Alihofu kwamba wasomaji wa kisasa hawangekubali dunia iliyokuwa tambarare wala jua lililotokana na tunda la mti, akaanza kubomoa misingi aliyoijenga miaka 40 awali. Mazimwi ya moto, yaliyokuwa mamia katika hadithi za kwanza, aliyapunguza pembeni mwa ukurasa hadi matatu, au saba yakizidi sana. Kazi ya kuunda ilikuwa imegeuka kazi ya kujibu.

Mwaka wa 1968 alihamia Bournemouth pamoja na Edith, anwani na nambari yake ya simu zikafichwa. Edith alifariki Novemba 1971. Juu ya kaburi lake mjini Oxford mumewe aliagiza lichongwe jina Lúthien, na alipozikwa hapo mwenyewe miaka miwili baadaye, chini ya jina lake likachongwa Beren.

Mwaka uliofuata kifo chake, 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa kurusha dadu ambapo wachezaji huketi mezani na kuigiza mashujaa wa kubuni. Matoleo ya awali yalitaja hobiti waziwazi, hadi wenye haki walipotishia kushtaki na majina yakabadilishwa. Gygax alisisitiza kwamba alipenda zaidi waandishi wengine, lakini waliokuja mezani walikuwa wamemsoma Tolkien. Kizazi kingine kililetwa na filamu za Peter Jackson za 2001 hadi 2003, ya mwisho ikitwaa tuzo 11 za Oscar.

Karatasi zile zilimwangukia Christopher, yule mtoto wa mlango wa buluu. Aliacha kazi yake ya uhadhiri Oxford akazishughulikia. The Silmarillion ilitoka mwaka wa 1977, na kati ya 1983 na 1996 akafuatisha juzuu 12 za miswada ya babake, zikionyesha kila badiliko na kila swali lililobaki wazi. Kitabu chake cha mwisho alikitoa mwaka wa 2018 akiwa na umri wa miaka 93, chini ya miaka miwili kabla ya kifo chake. Kilikuwa The Fall of Gondolin, kile kisa cha mji wa siri kilichoanzwa na afisa mgonjwa aliyerudi kutoka Somme.